Shuka Juu ya Kifaru

Asubuhi kifaru wa makumbusho alikutwa amefunikwa shuka jeupe kichwani, na chini ya shuka pembe yake kubwa ya mbele haikuwepo. Aliyegundua ni mlinzi, mzee aliyeitwa Redio kwa sababu hakutengana na redio yake ya mkononi. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi, na kwa shukrani akawa wa kwanza kutiwa pingu.

Inspekta alifika saa mbili na nusu. Wiki hiyo ndiyo aliyorudi kazini baada ya kumzika mumewe. Watu walimpa pole kwenye ngazi, kwenye korido, hata chooni, naye akawajibu "asante" bila kusikia chochote ndani yake. Chai aliinywa, ladha hakuipata.

Ukumbi ulikuwa wa ukoo mzima wa vifaru. Ukutani alichorwa babu yao wa kale asiye na pembe, mwenye shingo ndefu kama ya twiga. Pembeni yake alikuwepo wa zama za barafu, manyoya yamemfunika kama blanketi. Katikati alisimama wa kweli, kifaru mweusi aliyekaushwa, mdomo wa juu umechongoka kwa ajili ya kushikia matawi. Pembe ndogo ya nyuma bado alikuwa nayo, imetobolewatobolewa.

"Iliyoibwa ilikuwa halisi?" Inspekta alimuuliza Mhifadhi, mwanamume mkimya wa makamo aliyeulea ukumbi ule ujana wake wote.

"Halisi kabisa. Juzi tu niliifuta vumbi kwa mikono yangu."

"Inatibu nini?"

"Haitibu kitu. Ni kucha, Inspekta. Kitu kilekile cha kucha zako na nywele zako. Ndani haina mfupa kama ya ng'ombe. Ndiyo maana za wale wa kale hatuzipati. Pembe inaoza, panabaki alama ya mikwaruzo tu kwenye mfupa wa pua, pale ilipokaa." Alisema yote hayo akiangalia sakafu.

Inspekta aliinama, akaokota kipande kidogo kilichomeguka pembe ilipokatwa kwa msumeno, akakitia kwenye bahasha.

Kituoni, Redio alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Ulilala zamu, mzee wangu?"

"Nililala, mwanangu, sikufichi. Lakini kulala si kuiba. Nimeshika funguo zile tangu nikiwa na meno yote. Mwezi ujao nastaafu. Ningeitaka pembe, ningeisubiri mpaka leo?"

"Mkuu anataka ufikishwe mahakamani kesho."

"Basi nizimie ile redio. Niliiacha inaongea peke yake."

Koplo, msaidizi wake, alikuwa na mshukiwa wake mwingine. "Yule mtafiti, afande. Mwanamke mgeni, amekuja na mashine ya kutobolea. Anaitaka pembe hiyohiyo!"

Mtafiti alipoulizwa, alitoa tiketi ya basi lililoingia alfajiri, saa kumi na mbili, wakati pembe ilishaondoka. "Nilitaka unga kidogo tu, kiasi cha chumvi ya yai," alisema. "Nipime huyu ana undugu gani na vifaru walio hai. Mhifadhi ananizungusha kila mwaka. Mara ukarabati, mara anaumwa. Safari hii sikuomba. Jana mchana nikampigia simu kwamba niko njiani."

Saa tisa Inspekta alirudi ukumbini na Koplo. Mhifadhi alikuwepo, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Inspekta alipiga magoti miguuni pa kifaru. Kila mguu ulikuwa na vidole vitatu, na kila ukucha ulikuwa na vitundu.

"Nani amezila hizi?"

"Wadudu wa ngozi. Wanakula nywele, kucha, manyoya. Ndiyo vita yangu ya kila siku."

"Na pembe ya nyuma?"

"Hao hao."

"Ya mbele je? Chini ya pembe ya nyuma kuna unga wa wadudu. Chini ya ile ya mbele, hakuna hata chembe."

Inspekta alikitoa kile kipande, akawasha kiberiti. Kiliyeyuka, kikatoa harufu ya ndoo ya plastiki inayoungua.

"Nywele zikiungua kila mtu anaijua harufu yake," alisema. "Hii siyo. Wewe uliyeifuta juzi usingeweza kukosa kuijua. Na niambie, mwizi gani anaiba halafu anamfunika kifaru shuka?"

"Tundu la pembe lilikuwa wazi," Mhifadhi alisema harakaharaka. "Wadudu wangeingia."

Kisha akasikia alichokisema, akakaa kwenye kiti cha mlinzi.

"Ya kweli iko wapi?"

"Imeisha. Binti yangu alikuwa mgonjwa. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani. Nikaweka ya bandia hapa, ile nikaisaga kwa tupa, kijiko kwa kijiko, nikamtilia kwenye uji."

"Ulijua ni kucha."

"Nimewafundisha watu hilo maisha yangu yote."

"Ilimsaidia?"

"Alisema inanuka. Alikuwa anakunywa kwa ajili yangu." Akafungua kifungo cha juu cha koti. "Mtafiti angetoboa plastiki, kila mtu angejua."

"Na mzee Redio?"

"Nilidhani watamwachia."

"Hawakumwachia. Amewekwa ndani kwa sababu yako."

Mhifadhi alijishika uso kwa aibu. Koplo akamtoa nje, na Inspekta akapiga simu kituoni mzee afunguliwe, na aombwe radhi.

Alibaki peke yake na kifaru. Hospitalini ni nesi aliyemfunika mumewe. Mikono yake yeye ilikataa. Sasa aliliokota shuka, akalivuta taratibu juu ya kichwa kile, juu ya tundu la pembe. Akaikumbuka chupa ya dawa ya mizizi aliyoinunua sokoni mwishoni, akijua fika kwamba si kitu. Mumewe aliinywa yote. Kila jioni alimwambia mkewe kwamba inasaidia.

Inspekta aliketi sakafuni, miguuni pa kifaru, akalia kwa mara ya kwanza.