Damu ya Kuku Jokofuni

Sahani ya kioo yenye vishimo themanini ilikuwa vipandevipande sakafuni. Meza imepinduliwa, dirisha wazi. Mlinzi alisikia kishindo jana Jumapili, watu wakiwa misani. Mwaka huo, 1957, mafua makali yalikuwa yamejaza wodi za Mpanda, na hospitali ilikuwa na sahani hiyo moja tu.

Hilari, msaidizi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja, alimweleza Inspekta Telesphor kazi ya sahani hiyo. Vijidudu vya mgonjwa huoteshwa ndani ya yai, maji yake hutiwa vishimoni pamoja na damu ya kuku. Vikiwa vya mafua, hung'ang'ania chembe za damu, damu ikatanda kishimoni; visipokuwa, damu hushuka chini ikawa kitone. Kisha akaongeza kwamba Kalista, binti mgeni kazini, ndiye aliyeacha dirisha bila komeo. Wivu ni kitu kibaya, nyie, hauwezi kunyamaza.

Barua ya Kalista ya kwenda masomoni Dar es Salaam ilikuwa kwa mganga mkuu, ikingoja sahihi. Sasa mganga alikuwa ameweka kalamu chini.

Kalista alirudi kutoka Kasokola, alikokwenda alfajiri ya jana kuchukua makohozi ya wagonjwa. Alilia. Dirisha alilifunga, akasema, ila kwa haraka ya gari aliisahau chupa ya damu mezani.

Inspekta alifungua jokofu la mafuta ya taa. Chupa ilikuwamo, imezibwa, imefungwa kitambaa kibichi. Akamwita Hilari.

"Jana uliingia humu?"

"Sijakanyaga tangu Ijumaa, afande."

"Mwizi gani huyu, anaiokoa damu kwanza ndipo apindue meza?"

Hilari aliketi.

"Nimekamua damu ya kuku miaka kumi na mmoja. Yeye ana miezi saba, na sindano nimemfundisha mimi. Nilipoona jina lake kwenye barua, sikulala. Nilitaka aitwe mzembe."

"Na damu?"

"Mkono ulikwenda wenyewe. Ingeharibika."

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Inspekta, akamtia pingu. Mganga mkuu akaichukua kalamu.

Mlangoni Hilari alimgeukia Kalista.

"Damu hiyo mwisho Alhamisi. Tumia vile vichupa vyembamba, kabati la chini. Kazi ni ileile."

Kalista alifungua kabati. Vilikuwamo, vimeoshwa na kupangwa, akaanza kuvitoa kimoja kimoja.