Ugonjwa Walionipachika Sebuleni

"Hapiti mtu hapa! Kwanza umtaje huyo mwanaume aliyekupa gonjwa!"

Huyo ni mama mkwe wangu, ameegemeza mgongo kwenye mlango wa choo. Choo cha nyumbani kwangu!

Sebuleni umejaa ukoo wa mume wangu. Shangazi zake, baba yake mdogo, na wifi yangu mkunga, amekunja nne anachezea simu. Wameitana kunijadili mimi, na mimi nimebanwa mkojo, magoti nimeyabana kama mtoto wa chekechea.

"Mama, naomba nipite... nitajikojolea!"

"Jikojolee! Tangu tukae hapa kazi yako ni kwenda na kurudi. Mkojo gani huo?"

Nikamtazama mume wangu. Wapendwa, yule mwanaume alikuwa anaangalia mpira!

"Baba mtoto, sema kitu."

"Mjibu mama. Hata mimi nataka kujua."

Nikajikojolea. Mbele ya baba mkwe mdogo!

Na msidhani ni mkojo wa maana. Ni vijiko viwili tu, vinaunguza kama pilipili, vikashuka mguuni. Shangazi mmoja akaziba pua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni msusi. Nilikuwa namwacha mteja na kichwa nusu, nakimbilia chooni, nachuchumaa... matone! Narudi, sijamaliza msuko mmoja, mkojo umebana tena. Wateja wakanibandika jina, Bomba Bovu. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Nikapunguza kunywa maji, nikidhani najitibu. Ndiyo kwanza nikaongeza moto! Nikameza dawa za duka la dawa, zikatuliza siku chache, tatizo likarudi lile lile.

Nikamwambia wifi. Si mkunga? Nikajua nimefika kwa mwenyewe.

"Dalili hizo nazijua," akasema, hanitazami usoni. "Ni za wanawake wanaotembea ovyo. Hospitali usiende, utajiaibisha."

Kesho yake mama mkwe ana habari zote! Changanya na kwamba tangu nimzae binti yangu sijashika mimba nyingine. Kesi ikakamilika. Mgumba, tena malaya!

Basi siku ile ya kikao, sketi imelowa, nikabeba mkoba nikaenda hospitali. Sikubadilisha nguo. Nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta.

Daktari alikuwa mama mmoja wa uso mkavu, asiye na mzaha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu kubanwa kila mara na akienda hatoi kitu, sababu ni nyingi," akasema. "Maambukizi ya kibofu, mawe, uvimbe kwenye kizazi, sukari, hata choo kigumu tu. Na maambukizi ya kibofu mwanamke anayapata hata kama hana mwanaume. Huyo aliyekuhukumu alikupima?"

"Hapana."

"Basi alikuwa anakusengenya. Panda kitandani."

Akanipiga picha. Akamwita mwenzake, wakanong'onezana.

"Kitanzi chako cha uzazi wa mpango uliwekewa lini?"

"Kitanzi gani?"

"Hiki hapa. Kimetoboa kizazi, ncha imeingia kwenye kibofu, na jiwe limeanza kuota juu yake."

"Daktari, mimi natafuta mtoto mwaka wa nne huu! Sijawahi kuwekewa kitanzi!"

Akavua miwani.

"Nani alikuzalisha?"

Jamani... kitanda kilizunguka! Nikakumbuka. Binti yangu ameshatoka, analia, na wifi akarudisha mkono tena. "Vumilia," aliniambia, "naangalia kama kondo limebaki."

Nilirudi nyumbani na picha mkononi. Kikao bado kinaendelea, wanapanga talaka yangu bila mimi kuwepo! Nikaiweka ile picha magotini kwa wifi.

"Waeleze. Hiki uliniwekea lini?"

Simu ikamdondoka.

"Ni nini hicho?" mama mkwe akauliza.

"Kitanzi, mama. Cha kuzuia mimba. Binti yako aliniwekea siku naizaa damu yenu, na sasa kimenitoboa kibofu!"

Wifi akamnyooshea mume wangu kidole.

"Kaka, sema! Si wewe uliyeniomba?"

Sebule nzima ikamgeukia mume wangu. Akazima mpira.

"Sikutaka mtoto mwingine," akasema kwa sauti ndogo. "Na mama alikuwa ananisukuma nipate wa kiume. Ningemwambiaje?"

"Kwa hiyo ukaona bora nitukanwe mimi?"

Akaendelea kupapasa rimoti.

Miaka yote hiyo, wapendwa! Ananisikia naitwa mgumba mezani kwake, anaendelea kula. Kila mwezi nikiona damu nikalia, ananishika mkono ananiambia Mungu atatupa!

Mama mkwe akasimama, akamzaba mwanawe kofi lililosikika jikoni. Wakaanza kurushiana maneno wao kwa wao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naumia.

Nikiwa nafunga begi, mume wangu akanifuata chumbani. Nikadhani anakuja kuomba radhi.

"Tafadhali usimshtaki dada, atafukuzwa kazi. Ya nyumbani yaishe nyumbani."

Nikamshtaki. Talaka nayo nikaidai mwenyewe.

Kitanzi kilitolewa kwa upasuaji pamoja na jiwe lake. Wifi alifutiwa leseni, na shahidi aliyemmaliza alikuwa mama yake mzazi! Alipomaliza kutoa ushahidi, mama mkwe akanifuata analia.

"Mwanangu, nisamehe. Sikujua."

"Ya kitanzi hukuyajua, mama," nikamjibu. "Matusi yalikuwa yako."

Nikaondoka. Mtaniambia nina roho mbaya, semeni tu. Bado sijamsamehe.

Wewe unayebanwa kila dakika na ukienda yanatoka matone, mwanamke au mwanaume, nenda kapimwe mkojo, na wakikwambia upigwe picha, kubali. Usikubali mtu akupachike ugonjwa sebuleni.

Na siku ukiwa kitandani unajifungua, hata kama anayekuzalisha ni ndugu, muulize mkono wake unafanya nini humo ndani.