Majina Arobaini na Moja ya Bibi Bisibisi

"Hicho kitabu umekinunua wapi?"

Mchora mabango aliuliza akiwa bado juu ya ngazi, brashi mkononi, neno KINYOZI likiwa limefika nusu ukutani. Chini alisimama mchumba wake, muuguzi, na sare yake ya kazini, amekishika kitabu cha katuni kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mfu.

"Duka la vitabu, mkabala na posta. Kimepangwa dirishani kila mtu akione. Shuka."

Akashuka.

"Haya, nisomee jalada."

"Bibi Bisibisi," alisoma taratibu.

"Endelea."

"Kimetungwa na kuchorwa na..." Lililofuata lilikuwa jina lake mwenyewe, peke yake, kwa herufi kubwa za dhahabu.

Basi tuelewane mapema, msije mkasema huyu dada alikuwa na makuu. Bibi Bisibisi ni ajuza wa kwenye katuni anayetengeneza redio na pasi za majirani, na kila anayempelekea kitu kibovu huondoka ameambiwa ukweli wake. Alizaliwa miaka mitatu nyuma kwenye Kijiwe, mtandao wa watu wanaotunga katuni pamoja bila hata kuonana. Mmoja anaandika kisa, mwingine anachora kwa penseli, mwingine anapitisha wino, mwingine anatia rangi. Muuguzi kule huitwa Nukta, na kazi yake ni viputo, yale mapovu ya maneno juu ya vichwa vya wahusika. Mchora mabango huitwa Kifutio. Walipendana kwa kugombana, kisa kiputo kimoja kilichoziba pua ya Bibi.

Na katuni za Kijiwe ni huria. Anayetaka achukue, anakili, abadilishe, hata auze, ruksa. Masharti ni mawili tu: usifute majina ya waliozitengeneza, hata la yule aliyesahihisha mkato mmoja, na ulichokitengeneza kutokana nazo nacho ukiache wazi kwa wenzako. Kufuta jina la mtu Kijiweni ni zaidi ya kumtukana.

"Fungua ndani," alisema muuguzi. "Ukurasa wa pili. Soma."

"Haki zote zimehifadhiwa."

"Zimehifadhiwa na nani? Tuko watu arobaini na mmoja. Yule babu wa rangi amekesha na upinde wa mvua wa ukurasa wa ishirini hadi macho yakavimba. Yuko wapi? Mimi niko wapi?"

"Nisikilize. Walikuja wale wa kampuni ya uchapishaji, miezi miwili iliyopita. Wakauliza kama wanaweza kuchapisha. Nikawajibu kama tunavyojibu siku zote: chukueni, ni cha wote."

"Na majina?"

"Ukurasa wa majina ulikuwemo kwenye faili, mwishoni. Wameutoa wao. Wakaweka jina la mtu waliyemwona kwa macho."

Hapo hasira za muuguzi zilianza kushuka. Kosa kama hilo angeweza kulifanya hata yeye, maana Kijiweni hakuna anayemwomba mwenzake ruhusa. Umezoea mlango usio na kitasa, unasahau kwamba kuna watu wakiingia hubeba na mlango. Alikuwa karibu kumsamehe pale pale, chini ya ngazi, ila akauliza swali moja la ziada.

"Ulijua lini?"

Mchora mabango akaanza kufuta rangi kwenye brashi.

"Nimekuuliza, ulijua lini?"

"Wiki iliyopita. Waliniletea nakala."

"Wiki nzima. Juzi tumekaa kwenu tunacheka, na kitabu kimo kabatini."

"Baba yako aliniuliza nina nini cha kuonyesha. Mbele ya shangazi zako. Nilipoona jina langu pale juu nikasema, basi, safari hii ninacho. Nikampelekea kadi ya uzinduzi wa kitabu, Jumamosi hii."

"Kwa hiyo ulitaka kunioa kwa maneno yangu mwenyewe."

"Sikuliona hivyo."

"Ndiyo maana nakuonyesha. Mimi na wewe tumeachana."

Akaondoka na kitabu chake. Kwa siku tatu ukuta ule ulibaki umeandikwa KINY, na kinyozi akawa anawaeleza wateja kwamba fundi anaumwa. Hakukosea sana.

Meseji zilianza siku hiyo hiyo.

"Naomba unisikilize hata dakika mbili," aliandika Kifutio.

"Utayasema Jumamosi mbele ya watu. Kwangu usiseme kitu," alijibu Nukta, kisha akalia chooni kazini, akanawa uso, akarudi wodini kupima watu presha. Alimpenda yule mwanaume, tusidanganyane. Ndiyo sababu iliuma.

Kijiweni nako kulikuwa kunafuka moshi. Babu wa rangi, ambaye hajawahi kuonana naye, alimwandikia: "Nukta, nimeiona picha ya jalada. Sisi tuko mbali, wewe ndiye uko hapo. Tusemee."

"Nitawasemea," aliandika.

Jumamosi saa nne asubuhi, baba yake alikuwa ameshavaa koti. Mzee ni fundi redio, mtu wa maneno machache na makali.

"Kijana wako katualika. Mbona umebeba kompyuta? Tunaenda harusini au mahakamani?"

"Tutajua hukohuko, baba."

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mezani kulikuwa na vitabu mia mbili vimepangwa kama matofali, na meneja wa uchapishaji, mama mwenye suti ya zambarau, alikuwa anatabasamu kwa kila simu iliyonyanyuliwa kumpiga picha. Muuguzi alikaa safu ya mbele, kompyuta mapajani. Alikwishaamua: Kifutio akifungua mdomo na kusema "kitabu changu", atasimama na kumvua nguo mbele ya baba yake.

"Sasa namkaribisha mtunzi mwenyewe," alisema meneja.

Mchora mabango akapanda. Shati limenyooshwa, mikono ina rangi hadi kwenye kucha. Akamtazama mzee, akamtazama muuguzi, kisha akakigeuza kitabu jalada likalala mezani.

"Hiki kitabu si changu," alisema. "Mimi nimechora sura ya Bibi na mikono yake. Basi. Maneno yote yanayowachekesha ni ya Nukta, yule pale mwenye kompyuta. Nimelijua hili jambo wiki nzima nikanyamaza, kwa sababu nilitaka baba yake anione mtu. Mzee, nisamehe. Sina kitabu cha kukuonyesha."

Meneja akasogelea kipaza sauti, tabasamu limeganda.

"Kijana ana unyenyekevu mwingi, jamani. Yeye ndiye aliyetupa kazi hii."

Muuguzi akasimama.

"Dada, alikupa kwa masharti." Alichomeka waya wa skrini ya maktaba, na historia ya ukurasa wa kwanza ikajitandaza ukutani, nani kafanya nini na siku gani. "Hapa Kifutio kachora. Hapa mwenzetu kapitisha wino. Hapa mimi nimeandika kiputo, nikakifuta, nikakiandika tena mara tisa. Mkiweka majina na mkikiacha wazi, uzeni mpaka mchoke, hatuwadai kitu. Mkiyatoa, hamna ruhusa ya kuuza hata ukurasa mmoja."

"Lakini vitabu vimeshachapishwa," alisema meneja, sauti imeshuka.

"Mkutubi ana printa. Mimi nimekuja na gundi."

Watu wakacheka, halafu wakapiga makofi, na makofi hayo hayakukoma mpaka meneja alipotazama zile simu zote zilizokuwa zinarekodi, akavua koti la zambarau na kukunja mikono ya blauzi.

"Yaandikwe," alisema. "Toleo lijalo yatakaa kwenye jalada."

Basi ikawa shughuli. Mkutubi akatoa vikaratasi vyenye majina arobaini na moja na masharti mawili chini yake, na ukumbi mzima ukakaa kubandika, kikaratasi kimoja juu ya kila "haki zote zimehifadhiwa". Muuguzi aliipiga picha meza ile na kuirusha Kijiweni. Babu wa rangi akajibu neno moja: "Nalia."

Mzee, miwani puani, alikuwa amesahau kubandika. Alikuwa anasoma.

"Ukurasa wa kumi na tatu," alisema. "Bibi anaambiwa na redio, 'Usinifungue kabla hujaniuliza naumwa wapi.' Haya ni maneno yangu."

"Ndiyo, baba. Mengi ni yako."

"Na hapo kwenye majina sipo."

Kifutio akachukua kalamu na kuongeza mstari wa arobaini na mbili kwa mwandiko wake wa mabango: Fundi Redio, maneno. Mzee akaukausha kwa kuupuliza.

Ndipo mchora mabango akasogeza kiti karibu na muuguzi.

"Ulisema tumeachana."

"Nilisema."

"Kule kwetu ukurasa ukiharibika tunarudisha toleo la kabla. Nirudishe tulipokuwa."

"Hapana," alisema muuguzi, bila kupunguza sauti hata kidogo mbele ya baba yake. "Yule wa kabla alinificha jambo wiki nzima, simtaki. Namtaka huyu wa leo."

Kifutio alifunika uso kwa mikono yake yenye rangi, na mabega yakaanza kutikisika. Muuguzi akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

"Haya," alisema mzee, akifungua kitabu kingine. "Huyo wa leo aje nyumbani na wazazi wake Jumapili. Na nyie pitisheni gundi huku, kazi bado nyingi."