Gauni Jekundu Kwenye Negativu

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea mume wangu filamu ya akiba aliyoisahau mezani. Mpiga picha mzima kusahau filamu! Nikajua kichwa chake kimejaa mtu.

Na mtu huyo nilimjua kwa kusikia tu. Alikuwa mteja wake wa kosplei, wale wanaojivika kama wahusika wa katuni. Kila Jumamosi alitaka kupigwa picha nje, kwenye bustani iliyotelekezwa nyuma ya kiwanda, tena kwa filamu ya rangi. Picha za simu hataki. Mume wangu naye akaanza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Ananyolea nani?

Nyumbani kwetu kazi ya kusafisha filamu ni yangu. Ila za huyo, alijifungia bafuni akazisafisha mwenyewe.

Niliwakuta chini ya miti. Gauni jekundu la kimalkia, taji la kadibodi lililopakwa dhahabu, kinyago cheupe. Mume wangu alikuwa amepiga goti mbele yake, kamera jichoni. Mtu ambaye nyumbani hata kijiko kikianguka haokoti, eti mgongo unamuuma!

"Umefuata nini?" aliniuliza, akashtuka kama nimemfumania.

"Filamu yako, baba."

Hakucheka.

Yule mwanamke akanigeuzia shingo, taratibu... Upepo ulikuwa unatikisa majani yote. Gauni lake halikutikisika. Harufu ikanijia, ya nguo iliyofungiwa sandukuni miaka mingi.

"Mke mwenzangu," alinong'ona nyuma ya kinyago. "Tupige picha, mimi na yeye. Imebaki moja kwenye filamu."

Mke mwenzangu!

"Usipige," mume wangu akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Rudi nyumbani, mke wangu. Nakuomba."

Nirudi nyumbani, niwaache? Nikamnyang'anya kamera. Nitapiga, nitasafisha mwenyewe, na picha hiyo nitaiweka mbele ya wazee wake waone mtoto wao anavyonifanyia.

Yule mwanamke akasimama kando ya mume wangu. Akamshika mkono.

Kacha!

"Asante," alisema. Safari hii hakunong'ona.

Mimi na mume wangu tulirudi nyumbani, yeye nyuma, mimi mbele. Sikutaka hata kumtazama. Nikajifungia bafuni, nikaandaa maji ya moto, dawa na kopo la filamu. Nilipomaliza, nikaiinua filamu kwenye taa ikiwa bado inachuruzika maji.

Negativu hugeuza kila kitu. Nywele nyeusi hutoka nyeupe, majani hutoka ya zambarau, kitambaa chekundu hutoka kijani-buluu. Miti ilikuwa imegeuka. Anga lilikuwa limegeuka.

Yeye hakugeuka.

Picha baada ya picha, gauni lilikuwa jekundu vilevile, kinyago cheupe vilevile, kama namwona dirishani. Nikaelewa mume wangu alikuwa ananificha nini.

Nikafika kwenye picha ya mwisho. Ile niliyopiga mimi.

Gauni lilikuwa kijani-buluu. Kinyago kilikuwa cheusi. Amegeuka, kama binadamu yeyote.

Mume wangu ndiye aliyebaki na rangi zake. Shati lake la njano. Ngozi yake ninayoijua.

Mlango ukagongwa, polepole...

"Mke wangu," alinong'ona. "Zimetoka?"

Nikatega sikio nisikie pumzi yake. Mlango wa bafu letu ni mbao nyepesi, hata kikohozi cha jirani kinapenya. Sikusikia pumzi.

Nje, barabarani, mwanamke alikuwa anapita huku anacheka kwa sauti, cheko la mtu mwenye afya na haraka zake. Ilikuwa sauti ile ile iliyoniambia asante. Nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Kila alichokuwa nacho, hata pumzi, kilikuwa cha mume wangu.

"Mke wangu... fungua."

Nililia. Kisha nikafungua. Alichobakiza huyo mwanamke bado kilikuwa changu, na hicho sikuwa tayari kumwachia.