Sawasawa Mno

Shafti, mhimili wa chuma wa kuzungushia mashine, ilitoka sawasawa. Fundi aliipima mwanzo, katikati na mwisho, akarudia mara tano, na mikromita, kifaa chake cha kupimia unene, ikasoma kipimo kilekile. Badala ya kufurahi, akashtuka. Mashine yake ya kukereza chuma, kuukuu, iliyofungwa kwenye meza ya mbao chumba cha nyuma, ilikuwa imelegea kila mahali. Haikuwahi kumpa kipimo bila kumtoa jasho.

Wiki hiyo alikereza shafti kumi na mbili. Zote hazikupishana hata unywele. Wateja wakamsifu mpaka akavimba kichwa. Lakini chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua, na adhuhuri moja, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, mkewe, akiwa naye jikoni, alisikia kisu cha mashine kikila chuma, taratibu, srrr, srrr.

"Baba watoto," alinong'ona, "nani yuko kule?"

"Hakuna mtu. Si mimi huyu hapa?"

Wakatazamana. Hapo ndipo fundi alipoona jinsi gauni lilivyomning'inia mkewe mabegani, na mifupa ya shingo ilivyotokeza, na alipomshika mkono akauhisi laini na baridi kama chuma kilichokwisha kusuguliwa, akakimbilia chumba cha nyuma na kukuta, chini ya mashine, pale palipostahili kuwa na maranda ya chuma, maranda ya mfupa, membamba, meupe, yaliyojikunja kama vipande vya kucha.

Bibi mzinguaji, mtoa majini wa mtaa ule, aliitwa jioni ileile. Hakuvuka kizingiti.

"Ulitamka nini humu ndani?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na hasira, bibi. Kipimo kilinikataa siku nzima. Nikasema nitatoa chochote kilichomo nyumbani humu, mradi kitimie."

"Basi jini alikusikia. Haribu alichokupa, umkane kwa sauti."

Fundi alizigonga nyundo shafti tatu zilizobaki mpaka zikapinda, huku akipaza sauti, "Sitaki! Chukua usawa wako uondoke!" Mashine ikazunguka yenyewe, ikalia kama mtu anayeng'olewa jino, kisha upepo wenye harufu ile ukawapita ukatoka nje. Kutoka jikoni mkewe akasema ana njaa.

"Hapa ametoka," alisema bibi akijifuta jasho. "Umeziharibu zote?"

"Zilizokuwepo. Tisa wamechukua wateja."

Kabla hajajibiwa, simu ikaita. Alikuwa mmoja wa wateja hao, mwenye mashine ya kusaga nafaka.

"Fundi, shafti yako haina mfano!" alisema kwa furaha. "Nataka ya pili. Ila nitachelewa kuifuata. Mwanangu anakonda tu, hatujui ana nini."