Maharagwe Yaliyopungua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emerance alipika uji mwepesi, akaupoza, akamwekea mama yake. Mama Anastasie aliunywa kwa upande wa kushoto wa mdomo, kidogo kidogo. Upande wa kulia haukuguswa. Maji, kitambaa, hata upepo wa pikipiki zinazopita mtaani kwao Mudzipela, mjini Bunia, ulitosha kuamsha maumivu. Yalipokuja yalipiga shavu kama umeme. Mama alishika meza, akafumba macho, akangoja yapite. Kisha alichukua punje moja ya haragwe, akaitia ndani ya kopo tupu la maziwa.

Maumivu hayo yalikuwa na miaka miwili, ingawa kuyahesabu kwa maharagwe kulianza siku hizi tu. Mwanzoni kila mtu alisema ni meno. Mng'oa meno wa sokoni aling'oa la kwanza, baadaye la pili, baadaye la tatu, yote mazima, na maumivu yakabaki palepale. Walikuwa wamekimbia vita kutoka Djugu, nao walizoea kuvumilia. Mama akavumilia na hili. Aliacha kuimba kanisani. Aliacha kuita wateja kwenye meza yake ya samaki. Emerance, mwenye miaka kumi na miwili, akawa ndiye anayesema kwa niaba yake.

Dokta Étienne wa hospitali alikuwa wa kwanza kusema kwamba si jino, ni mshipa wa fahamu wa uso. Alimpa vidonge, lakini vilimtia kizunguzungu, na siku moja mama akaanguka sokoni katikati ya meza.

"Mama, mwisho wa mwezi daktari wa upasuaji atafika hapa kwa siku tatu tu," dokta alisema. "Wiki hizi mbili, meza nusu ya vidonge, na kila ukishikwa na maumivu, weka haragwe moja ndani ya kopo. Kama vidonge vinasaidia, tutaendelea navyo. Kama havisaidii, tutazungumza juu ya upasuaji."

Kesho yake, njiani kwenda shule, Fiacre, mwanafunzi wa darasa la Emerance, alimsogelea.

"Ni kweli mama yako watamupasua?"

"Bado haijajulikana."

"Eee! Muntu wakifungua kichwa yake, anarudia nyumbani hajue hata jina ya mutoto wake. Atakuuliza, 'We kasichana, uko wa nani?'"

Fiacre alicheka. Emerance hakucheka. Alasiri hiyo, mama alipokuwa amejilaza, alichota punje kwenye kopo akazirudisha katika mfuko wa maharagwe. Alifanya hivyo kila siku. "Bwana Yesu, unisamehe," alinong'ona, na bado mkono uliingia koponi.

Wiki mbili zilipokwisha, Dokta Étienne alimwaga kopo juu ya meza yake.

"Kumi na moja? Mbele ya kuanza vidonge ulishikwa mara hizo kwa siku moja! Hii ni habari njema, mama. Basi upasuaji tuuache, nafasi yako tumpe mgonjwa mwingine."

Mama Anastasie aliyatazama yale maharagwe kwa muda mrefu. Emerance alingoja akatae. Mama akaitikia kwa kichwa.

Nje, karibu na lango, mama aliketi kwenye benchi kama mtu aliyetua mzigo ambao hana nguvu ya kuunyanyua tena. Alisema polepole, midomo ikifunguka kidogo tu.

"Mutoto wangu, pengine nilikosea kuhesabu. Pengine maumivu ni kidogo, ni miye tu nimechoka. Nitazoea."

Emerance alimgeukia. Mama aliamini kopo kuliko shavu lake mwenyewe!

"Mama, ni miye! Nilikuwa naziondoa!"

Mama alimkazia macho. Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa dokta, na Emerance akakimbia.

Aliposikia, Dokta Étienne alivua miwani. "Ulitoa ngapi?"

"Sijue, docteur. Kila siku mukono ulijaa."

"Unajua kwamba karibu nimnyime mama yako tiba?"

"Niliogopa. Walisema wakimupasua atasahau jina yangu."

Hasira ikamshuka dokta. "Jambo hilo ungeniuliza. Mwite mama."

Aliwaeleza wote wawili bila kuficha kitu. Njia ya kwanza ni kufungua tundu nyuma ya sikio na kuutenga mshipa wa damu unaoukandamiza ule wa fahamu. Nafuu yake huweza kudumu miaka mingi, lakini ni upasuaji mkubwa, na ungewalazimu kusafiri mbali. Njia ya pili ni sindano ndefu inayopita shavuni na kuuchoma kidogo ule mshipa wa fahamu. Hiyo ingefanyika hapa Bunia. Shavu lingebaki na ganzi, na baada ya miaka maumivu yangeweza kurudi.

"Kila njia iko na hatari yake," alimaliza, "lakini sijaona mama aliyesahau jina la mtoto kwa sababu ya sindano hii. Chagua wewe, mama. Si mimi, si huyu."

"Ganzi," mama aliuliza, "inauma?"

"Hapana."

"Basi sindano."

Siku ya nne baada ya kuchomwa sindano, mama alikula ugali wa bugari na sombe ya majani ya muhogo kwa meno yaliyobaki. Upande mmoja wa mdomo haukuhisi kitu, ikabidi afute mchuzi kwa kitambaa. Alipomaliza, alinawa uso mzima.

"Emerance! Ikala hapa."

Emerance aliketi.

"Kuogopa si kosa. Ungeniambia, 'Mama, niko naogopa,' tungelia pamoja, tungeomba pamoja, tungeuliza dokta pamoja. Lakini weye ulificha maumivu yangu mpaka nikafikiri nimekuwa mwongo. Mbele ya dokta, ugonjwa wa mtu usiupunguze wala usiuongeze. Sema vile ulivyo! Mwili huu Mungu alinipa miye, na kuchagua ni kwangu. Unasikia? Na zile sufuria, mbona hazijasafishwa tangu asubuhi? Na viatu vya shule..."

Sauti ambayo haikusikika kwa miaka miwili ilipanda hadi majirani wakageuza shingo juu ya ua. Emerance aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka magotini, akaomba moyoni mama asinyamaze.