Mgongo wa Mkwe

Miaka ile karanga za soko la Mlango Mmoja, Mwanza, zilifungwa kwa chochote kilichopatikana. Marobota ya mitumba yakipasuliwa, kati ya makoti na suruali vilidondoka vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka, na mwenye karanga alivinunua kwa bei ya bure akavichana ukurasa mmoja mmoja. Ndiyo maana Wilhelmina, binti mwembamba aliyevaa gauni la maua madogo ya bluu, alisimama katikati ya watu wanaosukumana akisoma karatasi ya karanga badala ya kula karanga zenyewe.

"Mama, ukurasa unaofuata uko wapi?" alimuuliza mwenye karanga.

"Ukurasa wa nini?"

"Wa kitabu hiki. Swali liko hapa, jibu halipo."

"Mimi nauza karanga, binti. Majibu katafute shuleni."

"Jibu ninalo mimi," alisema kijana mrefu aliyekuwa nyuma yake, shati lake la drafti limefuliwa mpaka kola imechanika. Alimwaga karanga zake mfukoni ili aikunjue karatasi. "Ni wimbi kwenye uzi uliofungwa ncha mbili. Lakini sikuonyeshi. Lifanye mwenyewe kwanza."

"Kwani wewe nani? Mwalimu wangu?"

"Luhaga, wa Bujora. Mwezi ujao naenda Chuo Kikuu, Mlimani, kusoma fizikia na hisabati."

Wilhelmina alimtazama kuanzia kola mpaka kandambili. "Hata mimi," alisema.

Alilifanya swali palepale, karatasi ameiweka juu ya gunia la mtu. Luhaga alilinganisha majibu, akaitikia kwa kichwa.

"Umepata. Ila hujaandika dhana zako. Umechukulia kwamba uzi hauvutwi na uzito wake, na hukusema. Anayesahihisha hawezi kuingia kichwani mwako."

"Una maringo wewe."

"Sina maringo. Nina karanga. Karibu."

Huo ulikuwa mwaka tisini na sita. Mlimani darasa lao lilikuwa na watu wachache, wasichana ndio kabisa wa kuhesabu, na wote waliulizwa swali lilelile kila walikokwenda: fizikia ya nadharia itakuletea ugali gani, wakati wenzako wanasomea biashara? Nchi nzima ilikuwa inafungua duka. Hawa wawili walikaa maktaba wakibishana juu ya mawimbi, na wakichoka walibishana nani anampenda mwenzake zaidi. Luhaga alimwita Mina. Yeye alimwita Profesa, na ungemsikia alivyolitamka neno hilo ungejua hakuna masihara pale.

Mwisho wa mwaka wa kwanza Luhaga alimwambia, "Mina, pamba ikishauzwa nitawatuma wajomba zangu kwa mama yako."

"Sema tena."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka kusikia tena, Profesa wangu."

Alirudia mara tatu, mpumbavu yule wa mapenzi, na binti alirudi Mwanza anacheka peke yake ndani ya treni.

Sasa, huyo mama. Alikuwa yatima, alilelewa na masista kule Ukerewe, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu. Waliishi Ilemela, nyumba ya vyumba viwili juu kwenye mawe, na Wilhelmina alisomeshwa kwa mapanki. Wa Mwanza anayajua: ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Mama aliyachukua asubuhi, akayakaanga, akayauza kwa wasioweza kununua samaki mzima. Harufu yake iliingia kwenye mapazia, kwenye godoro, kwenye nywele.

Luhaga alikuja mwezi wa saba, suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, mkononi kuku wawili. Mama alitoka mbio kumpokea, kijiko cha kukaangia bado mkononi, kitenge chake kizuri kiunoni. "Karibu mwanangu, karibu." Luhaga alipomwona tu aliruka nje ya njia, akasimama kati ya mawe na kumpa mgongo, macho ziwani, kule magugu maji yalikofunika ufuko mzima. Hakusema neno. Mama alisimama, mikono imenyooka hewani, kisha akaishusha na kurudi ndani. Kijana aliweka kuku chini akaondoka.

"Ana haya," Wilhelmina alimwambia mama yake.

"Haya ya kunigeuzia mgongo?"

Nisikufiche, msomaji. Kijana hakuwa na kiburi hata chembe. Kwao Bujora, Usukumani, mwanaume akishatoa neno la kuoa, mama wa binti si mtu wa kumtazama usoni wala kumsemesha. Akikutana naye anapisha njia. Kadiri anavyojificha ndivyo watu wanavyojua kwamba hatanii, mpaka siku wajomba watakapopeleka mbuzi wa kuwafungua midomo, ndipo mkwe na mama mkwe wasalimiane. Lakini mtu aliyelelewa na masista angeyajulia wapi hayo? Na mtoto aliyepelekwa bweni angali mdogo je? Hakuna aliyewaambia. Na Luhaga, bingwa wa kuwakumbusha wenzake dhana, ya kwake aliichukulia kuwa inajulikana na dunia nzima. Hilo linanikera mpaka leo.

Jioni ile Luhaga alipiga simu dukani kwa Bi Sada, jirani wa kina Wilhelmina.

"Mina wangu, umeshindaje?"

"Luhaga, hukumsalimia mama yangu."

Luhaga alikuwa duka la Bashiru pale Kisesa, watu wanne wamejiegemeza kwenye kaunta wanasikiliza, na mambo ya ukwe si ya kusema mbele ya wanunua sukari.

"Unajua sababu," alisema kwa sauti ya chini.

Wilhelmina alinusa mkono wake mwenyewe. Ulinuka samaki. "Naijua," alisema.

"Basi nivumilie kidogo, mpenzi. Pamba ikiuzwa yatakwisha."

Aliposikia hivyo alielewa kwamba siku wakioana, mama ataambiwa aache mapanki. Alikata simu bila kuaga.

Mwezi wa nane mama alianguka kando ya moto wake wa kukaangia. Moyo ulikuwa umevimba muda mrefu, naye hakumwambia mtu. Walimlaza hospitali, wodi ya chini, kitanda cha dirishani, na daktari alimwita Wilhelmina pembeni akamweleza ukweli wote. Binti alikuwa na mtihani wa marudio wa hisabati mwezi wa tisa. Akishindwa, chuo basi. Akaamua kusomea hospitalini.

Luhaga aliposikia alikuja kila siku kutoka Bujora kumfundisha, na kwa ajili ya mtihani Wilhelmina aliiweka kando hasira ya simu. Walikaa kwenye benchi la barazani nje ya wodi, vitabu magotini. Kila siku alikaa mgongo dirishani. Mama alilala kwa ubavu akimtazama kisogo.

"Kichwa kizuri," alimwambia binti yake siku moja. "Anasema nini muda wote huo?"

"Hesabu, mama."

"Sauti haifiki huku. Mwambie aje aniamkie mara moja. Siwezi kumwachia mtoto wangu mtu nisiyemjua sauti."

"Huachi mtu, mama. Unapona."

"Wilhelmina." Alimtazama mpaka binti akainamisha macho. "Mwambie."

Kesho yake asubuhi Bi Sada alikuja kumjulia hali, na mama alimwomba sabuni ya kunukia, ile ya dukani kwake iliyofungwa karatasi ya maua. Alijisugua mwenyewe, mikono, shingo, nyuma ya masikio, mpaka pumzi zikamwishia, akavaa kitenge chake kizuri, akaegemezwa kwenye mto. "Leo ataingia," alisema. "Sinuki tena."

Wilhelmina alimfuata Luhaga barazani.

"Ingia umsalimie mama."

"Mina, siwezi. Unajua kabisa siwezi."

"Amejisugua kwa sabuni kwa ajili yako. Dakika moja tu, Luhaga."

Hakuelewa sabuni ilihusu nini. Alikuwa amebanwa na aibu ya namna mbili: ya mila, na ya msomi wa fizikia kukiri kwamba anashika mila. "Nikiingia nitakuwa nimemvunjia heshima," alisema.

"Heshima?" Alikusanya vitabu vyake. "Mapanki ndiyo yaliyonifikisha kwenye darasa tunalosoma wote. Nenda kwenu. Usirudi hapa, wala chuoni usinisemeshe."

"Mina."

"Nenda."

Akaenda, mjinga yule, kwa sababu alilelewa kutobishana mbele ya wagonjwa. Mama alingoja mpaka kengele ya wageni kutoka ikagonga. Kisha aliomba avuliwe kitenge, kisije kikakunjika.

Siku zilizofuata alikula kidogo, halafu hakula. Wilhelmina alifanya maswali yake kando ya kitanda, hayaingii kichwani. Nesi wa zamu, mama mnene aliyeitwa Suzana, mzaliwa wa Magu, alimuuliza akibadilisha shuka:

"Yule mkwe wenu mbona haonekani?"

"Mkwe gani, anayemgeuzia mama yangu mgongo?"

Nesi Suzana aliacha shuka. "Ulitaka amgeuzie uso? Msukuma mwenzangu yule. Angeingia humu bila mbuzi, ningemtoa mimi mwenyewe. Tangu nianze kazi sijaona kijana wa siku hizi anayemheshimu mama mkwe namna ile. Hakukwambia?"

Wilhelmina alikaa chini, sakafuni. Alipopata nguvu alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza mama yake yote, polepole, mara mbili.

Mama alifunga macho. Wilhelmina alidhani amelala.

"Kumbe," alisema hatimaye. "Na mimi nikamaliza sabuni ya watu." Alitabasamu kidogo. "Heshima yake nimeipokea. Lakini mwanangu, sina muda wa kungoja mbuzi. Mimi nataka sauti."

Simu ya duka la Bashiru iliita muda mrefu. Mtu alitumwa na baiskeli mpaka Bujora kumwita Luhaga, na Wilhelmina alingoja pale kwa Bi Sada mpaka simu ikalia.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema tu.

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Wewe, Luhaga. Wewe uliyenikatalia swali sokoni kwa sababu sikuandika dhana."

"Nisamehe, Mina."

"Mama anakufa. Anataka umsemeshe."

"Wajomba wamepanga kuja Jumamosi ijayo. Mbuzi yupo tayari. Nikimwona kabla, baba atasema nimemvua mama ukwe wake, na posa imekufa. Unamjua mzee wangu Mashimba, akisema kasema."

"Jumamosi hafiki."

Bi Sada alijifanya anapanga viberiti.

"Sikulazimishi," alisema Wilhelmina. "Nimekuambia tu anachotaka."

"Nakuja," alisema Luhaga.

Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlangoni mwa wodi alisita, mkono kwenye fremu, na nesi Suzana alipomwona aligeuka yeye kutazama nje ili asiwe shahidi. Luhaga alitembea mpaka kitandani, akapiga magoti, akainua uso.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama usoni. "Marahaba, mwanangu." Alivuta pumzi. "Nanuka?"

"Hapana, mama." Sauti ilimkatika. "Hukuwahi kunuka. Mimi ndiye mkosaji."

"Niambie, hiyo fizikia yenu ni ya kutengeneza redio?"

"Hapana mama. Ni ya kujua sauti inasafirije mpaka ifike."

"Basi mnachelewa sana," alisema mama, na Luhaga alicheka huku analia, na mama akakisikia kicheko hicho pia. Aliuchukua mkono wa binti yake akauweka juu ya mkono wa kijana. "Nendeni mkafanye mitihani," alisema. "Msikae hapa kunililia."

Alikufa siku ya pili, alfajiri. Walimzika Ilemela, kwenye udongo kidogo kati ya mawe. Jumamosi ilikuja na hakuna mjomba aliyeonekana. Mzee Mashimba alikuwa amesema, na akisema kasema: kijana amemtazama mkwewe usoni, basi yule hakuwa mkwewe, na kwa hiyo hakuna cha kuposa. Mbuzi alirudishwa zizini.

Jioni ya kuondoka, stesheni ya Mwanza ilijaa wanafunzi na masanduku ya bati. Wilhelmina alivaa gauni jeusi la kuazima, kubwa kuliko yeye. Walipata viti vya kutazamana daraja la tatu.

"Baba amekataa kabisa," Luhaga alisema. "Sina wa kumtuma, Mina."

"Na mimi sina wa kumpokea."

"Basi tufanyeje?"

"Niulize mimi."

Alimuuliza. Hakukuwa na ushenga wala mafumbo, watu wanapitisha magunia juu ya vichwa vyao, mtu mmoja anagombea kiti. Treni iliondoka, ikapita Mantare, ikapita Malampaka, taa za mabehewa zinawaka na kuzimika, na Wilhelmina ameegemeza kichwa dirishani. Luhaga hakumharakisha.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Nimekubali."

Wilhelmina alitabasamu, mara ya kwanza tangu maziko. Kisha akageuza kichwa haraka kumtafuta mama yake amwambie, na hapakuwa na mama.